Kupima Damu Pekee Hakutoshi

Mwaka 2023 wataalamu wa China walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanyika Zhongshan, mji ulio katika jimbo la Guangdong. Watu 24,852 walikubali kupimwa damu. Baadaye 47 miongoni mwao walithibitika kuwa na saratani ya sehemu ile ya juu ya koo iliyo nyuma ya pua, na kipimo kipya kilichokuwa kikijaribiwa kilikuwa kimewatambua 46 kati yao. Kwa ugonjwa ambao kwa desturi hujificha mpaka uvimbe utokeze shingoni, hayo ni mafanikio makubwa, na waliohusika wanastahili pongezi.

Hata hivyo, habari za namna hii zikifika katika nchi zetu huzaa haraka ya kutaka kuiga. Husikika sauti za kudai kipimo hicho kiagizwe mara moja, kila hospitali ikipate, na wananchi wapange foleni wakipimwe. Si ajabu kesho akatokea mfanyabiashara akakileta kwa fedha zake na kukiuza kwa bei atakayo, akiwaahidi watu amani ya moyo. Kabla mambo hayajafika huko yafaa tuulizane: mtu akiambiwa kuwa damu yake ina alama ya ugonjwa huu, atakwenda wapi siku inayofuata?

Swali hili linatuhusu sisi wa Uganda kwa namna ya pekee, maana elimu hii ya damu ilianzia hapa hapa Kampala. Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Hakuwahi kuona uvimbe wa jinsi ile. Haukupita muda akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo hiyo, akaanza kutafuta katika madaftari ya hospitali, na mwaka 1958 akaandika habari za saratani ambayo leo dunia nzima huiita kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari muda wa majuma kumi, mwendo wa maili 10,000 hivi, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza katika kila hospitali waliyoipitia kama ugonjwa huo ulikuwa umeonekana hapo.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo mtafiti kijana, Anthony Epstein, ambaye aliposikia kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua alishuku kuwa kuna virusi ndani yake. Wakakubaliana. Vipande vya uvimbe vya watoto wa Kampala vikawa vinapelekwa London kwa ndege. Kwa muda mrefu hakikupatikana kitu. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu, ikateremkia Manchester badala ya London, na kipande kilipofika maabara maji yake yalikuwa yamechafuka. Wangeweza kuyamwaga wakidhani yameoza. Walipoyatazama kwa hadubini walikuta seli hai zikielea, na kutokana na seli hizo mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza virusi vipya, ndivyo vinavyoitwa virusi vya Epstein-Barr.

Nairobi nako kulikuwa na daktari wa masikio, pua na koo, Peter Clifford, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa saratani ya nyuma ya pua. Seramu, yaani yale maji maangavu yanayobaki damu ikiganda, zilitolewa kwa wagonjwa na kupelekwa Marekani. Mwaka 1966 Clifford na wenzake wa huko walitangaza jambo ambalo halikutazamiwa: kinga iliyokuwamo katika damu ya watoto wenye uvimbe wa taya ilikuwamo pia katika damu ya watu wazima wenye saratani ya nyuma ya pua. Magonjwa mawili yasiyofanana hata kidogo, moja la watoto na jingine la watu wazima, yalikuwa yameacha nyayo za mnyama mmoja. Mwaka 1970 chembe za urithi za virusi hivyo zilipatikana ndani ya nyama ya uvimbe wenyewe, na jina la Clifford limo tena miongoni mwa waandishi wa habari hiyo.

Tena kuna damu ya West Nile. Kati ya mwaka 1972 na 1974, watafiti wa shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 katika wilaya hiyo, wakaihifadhi, wakasubiri. Watoto wachache sana waliugua baadaye. Damu yao ilipotolewa katika barafu na kupimwa, ilionekana kuwa walikuwa na kingamwili nyingi za virusi vya Epstein-Barr kuliko wenzao, tena miezi mingi kabla taya halijavimba. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978. Hivyo wazo kwamba damu yaweza kusema habari za saratani kabla ya mgonjwa kujijua lilipata moja ya uthibitisho wake wa kwanza katika vijiji vya Uganda. Tunayasema haya si kwa kujisifu. Tunayasema kwa sababu aliyetoa ana haki ya kuuliza alichokipata.

Sasa tueleze kidogo jinsi kipimo kinavyofanya kazi, maana pasipo kulielewa hilo mtu atadanganyika kwa urahisi. Mwili ukiingiliwa na kijidudu hutengeneza kingamwili, protini ambazo kazi yake ni kukitambua kijidudu hicho na kukishika. Kijidudu kikiondoka au kikijificha, kingamwili hubaki, kama alama ya tindo katika ubao. Virusi vya Epstein-Barr vimo katika miili ya zaidi ya watu 9 kati ya kila 10 duniani. Barani Afrika watoto wengi huvipata kabla hawajaanza shule, kwa mate, na wala hawasikii kitu. Kwa hiyo kumpima mtu na kumwambia kuwa ana kingamwili za virusi hivi ni sawa na kumwambia kuwa ana meno.

Ugunduzi wenye thamani ulikuwa wa kutofautisha aina za kingamwili. Mwaka 1976 mtu na mkewe, Werner na Gertrude Henle wa Philadelphia, walionyesha kuwa wagonjwa wa saratani ya nyuma ya pua wana kwa wingi aina iitwayo IgA, ambayo kwa kawaida ndiyo mlinzi wa sehemu zenye unyevu kama pua, kinywa na utumbo. Ni kana kwamba vita vya zamani vimewashwa upya mahali pamoja, nyuma ya pua, na askari wa mahali hapo wameitwa. Anayepima basi hatafuti kama virusi vimo. Hutafuta ni askari wa aina gani wametoka, na ni wangapi.

Wachina ndio waliolichukua jambo hili kutoka maabara na kulipeleka kwa wananchi. Walikuwa na sababu. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa watu 133,000 hivi walipatwa na saratani hii duniani, na wengi wao walikuwa wakazi wa mashariki na kusini mashariki ya Asia. Majimbo ya Guangdong na Guangxi ndiyo yaliyokuwa yakiumia zaidi tangu zamani. Miaka ya mwisho ya 1970 Profesa Zeng Yi na wenzake waliingia wilaya ya Zangwu, jimbo la Guangxi. Njia ya kusoma kipimo iliyokuwapo ilihitaji hadubini ya gharama kubwa yenye mwanga maalumu. Wao wakatengeneza njia ya rangi iliyoweza kusomwa kwa hadubini ya kawaida. Walipima zaidi ya watu 148,000. Wenye kingamwili za IgA walikuwa 3,500 na kidogo, na katika hao walipatikana wagonjwa 55. Katika mji wa Wuzhou uliopakana na wilaya hiyo walipima karibu watu 13,000, wakapata wagonjwa 13, na wote 13 walikuwa katika hatua mbili za mwanzo, ambapo tiba ya mionzi huponya wengi.

Tunawaomba wasomaji waitazame hesabu ya Zangwu kwa makini. Watu zaidi ya 3,500 waliambiwa wana alama, na 55 tu ndio waliokuwa wagonjwa. Waliobaki ilibidi kila mmoja achunguzwe pua na koo na daktari aliyejifunza kazi hiyo, na penye shaka kikatwe kinyama kidogo na kupelekwa kwa mtaalamu wa kuchunguza nyama za mwili. Kisha wengine waitwe tena mwaka uliofuata, na mwingine, maana kingamwili zaweza kupanda miaka kadhaa kabla ya uvimbe kuonekana. Maajabu ya Guangxi hayakuwa katika tone la damu pekee. Yalikuwa katika daktari aliyekuwa akingoja na kioo chake mkononi, na mashine ya mionzi iliyokuwa ikifanya kazi.

Juhudi hizo zimezaa matunda. Katika miji midogo 16 ya Guangdong, iliyogawanywa kwa kura kuanzia mwaka 2008 katika makundi mawili, vifo vya saratani hii vilipungua kwa takriban asilimia 30 katika kundi la miji ambayo watu wake waliitwa kupimwa. Na kile kipimo kipya cha Zhongshan kimepunguza hofu za bure: kwa njia ya zamani, kati ya watu 100 walioambiwa wana alama, wanne hivi tu ndio waliokuwa wagonjwa, kwa njia mpya wanafika kumi. Ni hatua njema. Lakini hata hivyo tisini wamelala usiku kadhaa wakiiaga dunia bila sababu.

Hiyo ndiyo hali ya mahali penye ugonjwa mwingi. Tukikileta kipimo kile kile mahali ambapo ugonjwa ni haba, hesabu hugeuka. Tuchukue mfano wa wilaya yenye watu wazima 100,000, na kipimo kinachokosea kwa watu wawili tu katika kila mia. Watu 2,000 wazima wataambiwa wana alama ya saratani. Ikiwa wagonjwa wa kweli wilayani humo ni watano, hao watano watazama katika bahari ya watu elfu mbili, na daktari wa masikio, pua na koo, kama yupo, atamaliza mwaka akiwatazama watu wasio na kitu huku mwenye uvimbe akisubiri mlangoni. Saratani ya nyuma ya pua ipo Afrika Mashariki, wala hatusemi kwamba haipo. Clifford aliwatibu wagonjwa wake Nairobi, si Guangdong. Lakini haipo kwa wingi unaoweza kuhalalisha kupima umma mzima.

Mfano mwingine wa kutufunza watoka Ulaya na Marekani. Huko kumezuka saratani nyingine ya koo, ya zile tezi ambazo zikivimba watu husema wana mafindofindo, na ya shina la ulimi. Hii haitokani na virusi vya Epstein-Barr bali na virusi vya papiloma, hasa aina ya 16, hivi hivi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake. Mwaka 2013 watafiti walifungua seramu zilizokuwa zimehifadhiwa kwa miaka mingi katika nchi kadhaa za Ulaya. Kwa watu waliokuja kuugua saratani hiyo ya koo, asilimia 34.8 walikuwa tayari na kingamwili dhidi ya protini moja ya virusi hivyo iitwayo E6; kwa watu ambao hawakuugua, haikufika hata mmoja katika mia. Wengine walikuwa nazo zaidi ya miaka 10 kabla ya kuugua.

Ni alama kali kuliko zote tulizozitaja. Na bado matabibu wa nchi zile tajiri hawajaifanya kuwa kipimo cha umma. Sababu yao ni ya kweli: mtu akikutwa na kingamwili hizo leo, daktari akimtazama koo haoni kitu, kwa kuwa uvimbe wenyewe huenda ukaanza baada ya miaka kumi, ndani ya mikunjo ya tezi. Hajui akate wapi. Hawezi kumtibu, na hawezi kumwambia aende nyumbani akastarehe. Ikiwa wenye vifaa vyote wanasita, sisi twakimbilia wapi?

Kwa virusi hivyo vya papiloma ipo njia iliyo bora kuliko kupima, nayo ni chanjo. Uganda ilianza kuijaribu mwaka 2008 katika wilaya za Ibanda na Nakasongola, na tangu mwaka 2015 imekuwa ikitolewa kwa wasichana nchini kote. Watu huitaja kuwa ni chanjo ya saratani ya kizazi, na ndivyo ilivyo, lakini aina ya 16 inayozuiwa nayo ndiyo hiyo hiyo inayoleta saratani ya koo. Mzazi anayemficha bintiye siku ya chanjo kwa sababu ya uvumi wa mitaani anamnyima kinga ya magonjwa zaidi ya moja. Kwa virusi vya Epstein-Barr chanjo iliyokubaliwa haijapatikana, na hapo ndipo damu na tabibu hubaki kuwa tegemeo.

Turudi basi kwa mgonjwa wetu. Mara nyingi ni mtu mzima mwenye nguvu zake. Sikio moja limeziba, akadhani ni nta. Pua ya upande mmoja hutoa damu kidogo asubuhi, akadhani ni vumbi la kiangazi. Kisha hutokea uvimbe shingoni, chini ya sikio, usiouma. Kwa kuwa hauumi hana haraka. Zahanati humpa vidonge vya kuua vijidudu, akirudi hupewa vingine, na baada ya hapo huanzishiwa dawa za kifua kikuu, kwa kuwa kifua kikuu nacho huvimbisha tezi za shingo. Hatuwalaumu waganga wasaidizi. Katika nchi yetu kudhani kifua kikuu ni busara. Kosa ni kuendelea kukidhania mwezi wa tatu, na wa nne, uvimbe ukizidi kukua, bila mtu yeyote kutazama nyuma ya pua. Mgonjwa huyu hakuhitaji kipimo cha kingamwili. Alihitaji mtu mmoja aliyefundishwa kushuku.

Na akishajulikana? Saratani ya nyuma ya pua iko mahali ambapo kisu cha mpasuaji hakifiki kwa urahisi. Tiba yake kuu ni mionzi. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi iliyokuwa Mulago, ya kobalti, iliyoanza kazi miaka ya 1990, iliharibika isitengenezeke. Nchi nzima ikabaki bila tiba ya mionzi. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi, wengi walibaki majumbani, mpaka mashine mpya ilipozinduliwa mwaka 2018. Fikiria, ndugu msomaji, kama katika miaka hiyo tungekuwa tukizunguka vijijini na sindano, tukiwaambia watu kuwa damu yao ina alama ya saratani.

Leo hali imekuwa nzuri zaidi. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967 ikiwa kituo kidogo cha kutibu uvimbe ule ule wa Burkitt, sasa ina mashine zaidi ya moja, na mipango ya vituo vya mikoa katika Arua, Gulu, Mbale na Mbarara ilikwisha tangazwa. Tunaiunga mkono kwa moyo wote. Ila kituo kisichokuwa na mtaalamu wa masikio, pua na koo, wala kamera nyembamba ya kupita puani, wala mtu wa kusoma kinyama kilichokatwa, kitakuwa jengo lenye rangi nzuri. Tiba ya mionzi ni ya kila siku kwa majuma sita au saba. Mkulima wa West Nile hawezi kulala Kampala majuma saba kwa fedha ya magunia mawili ya mihogo.

Hatusemi kipimo cha damu kitupwe. Kina nafasi yake, na nafasi hiyo ni nyembamba: kwa mtu mwenye uvimbe wa shingo ambao chanzo chake hakijulikani, ili tabibu ajue atazame wapi; kwa ndugu wa karibu wa mgonjwa, maana ugonjwa huu hufuata ukoo katika baadhi ya familia. Kazi hiyo haihitaji mashine katika kila hospitali. Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyopo Entebbe, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1936, ingeweza kupokea sampuli kutoka mikoani kama inavyopokea za magonjwa mengine, na majibu yakarudi kwa daktari aliyeyaomba, si kwa karatasi aliyopewa mgonjwa asiyejua kuisoma.

Kwa hiyo gazeti hili linaiomba Wizara ya Afya, kabla ya kuruhusu kipimo chochote cha namna hii kiuzwe au kigawiwe nchini, iwatangazie wananchi mambo machache kwa maneno mepesi: wako wangapi leo wataalamu wa masikio, pua na koo walio nje ya Kampala, mgonjwa aliyegunduliwa Arua husubiri siku ngapi kabla ya kuwekwa chini ya mashine, na nani hulipia nauli na malazi yake. Na kama watafiti watakuja tena kuomba damu ya watoto wetu, jambo ambalo hatulikatai, wazee wa vijiji waelezwe mapema majibu yatarudishwa kwao lini na kwa njia gani.